Kabla hujasaini: barua kwa mwanangu kuhusu utafiti wa tabianchi na riziki za watu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako umenifika. Nimechelewa kujibu kwa sababu jambo lenyewe si la kumalizana kwa simu. Unasema umepata nafasi ya mtafiti msaidizi kwenye mradi unaochunguza jinsi kaya zinavyostahimili mabadiliko ya tabianchi na jinsi zinavyojipatia riziki, mkataba wa miaka mitatu, wakati wenzako uliosoma nao takwimu wanaelekea benki na kwenye kampuni za simu. Halafu ukaniuliza: "Mama, hii ni kazi kweli, au ni kula kwa mgongo wa wenye shida na kuandika ripoti ambazo hakuna anayezisoma?" Ukaongeza na swali la pili, ambalo nahisi ndilo linalokunyima usingizi: je, kazi hiyo bado itakuwepo miaka kumi ijayo?

Kazi hii ndiyo iliyokulipia ada, kwa hiyo usitegemee niitukane. Lakini sitakuficha pia. Ni kazi kweli, na mara nyingine ni hicho hicho unachokiogopa. Nimeziona zote mbili, wakati mwingine ndani ya mradi mmoja.

Nianze na jambo ambalo watu wa nje hawalielewi. Mtu akisikia "utafiti wa tabianchi" huwaza vipimamvua, setilaiti na barafu inayoyeyuka. Hayo yana wenyewe, na wanayaweza. Sisi tunaanzia pale wanapoishia. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilieleza katika ripoti yake ya Februari 2022 kwamba watu kati ya bilioni 3.3 na bilioni 3.6 wanaishi katika mazingira yanayowaweka hatarini sana, na kwamba kati ya mwaka 2010 na 2020 vifo vilivyotokana na mafuriko, ukame na dhoruba vilikuwa mara 15 zaidi katika maeneo yaliyo hatarini sana kuliko katika yale yenye hatari ndogo kabisa. Hebu isome tena hiyo namba. Mvua haiwanyeshei maskini mara 15 zaidi. Tofauti hiyo inatoka kwenye mambo mengine: nani ana barabara, nani ana akiba, nani alipata tahadhari mapema na kwa lugha anayoielewa, nani analima shamba lake na nani analima la mtu. Hakuna kipimamvua cha kupima hayo. Lazima mtu aende akaulize.

Mchumi wa India, Amartya Sen, alilionyesha jambo hilo mwaka 1981 alipochambua njaa ya mwaka 1943 ya Bengal, jimbo la India ya wakati wa Waingereza, iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni mbili na milioni tatu. Kwa hesabu zake, chakula kilichokuwepo Bengal mwaka ule wa njaa kilikuwa kingi kuliko cha mwaka 1941, na mwaka 1941 hakukuwa na njaa. Walioangamia ni vibarua wa mashambani, wavuvi, watu ambao ujira wao ghafla haukununua tena kile ulichokuwa ukinunua. Wewe ni mtu wa takwimu, kwa hiyo ona uzuri wa hoja ile. Hakuwa na data za ajabu. Takwimu zile zile ambazo wengine walizitumia kuhesabu magunia, yeye alizitumia kuuliza nani angeweza kukipata chakula hicho na kwa njia ipi. Sehemu kubwa ya kazi unayoitiwa ni hiyo tu, kuuliza tena swali ambalo watu wanadhani lilishajibiwa.

Sasa ripoti zisizosomwa. Nyingi hazisomwi, hilo nakubali. Mimi mwenyewe nimeandika kadhaa ambazo nina hakika msomaji wake wa mwisho alikuwa mhariri. Lakini chukua Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Cha Aprili 1991 kiliua karibu 140,000. Kimbunga Sidr cha Novemba 2007, ambacho hakikuwa kidogo hata kidogo, kiliua takriban 3,400. Katikati ya tarehe hizo kuna utabiri ulioboreshwa, kuna majengo ya kujihifadhi, kuna mpango wa kutoa tahadhari kupitia watu wa kujitolea ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sitakudanganya kwamba watafiti wa jamii ndio waliowaokoa watu wale. Ila baada ya mwaka 1991 lilibaki swali ambalo wahandisi peke yao wasingelimaliza: tahadhari ilitolewa, mbona wengi hawakuondoka? Na kwa nini wanawake na watoto walikufa zaidi?

Waliokwenda kuuliza walirudi na majibu ya kawaida kabisa. Wanawake walikuwa wakisubiri uamuzi wa mume. Majengo ya kujihifadhi hayakuwa na mahali pa faragha, na kulala ukumbi mmoja na wanaume wasiowafahamu kulikuwa aibu ambayo baadhi yao hawakuwa tayari kuibeba. Wengine walibaki kulinda mifugo, maana kupona bila ng'ombe ni kuanza maisha upya mikono mitupu. Majengo yaliyojengwa baadaye yakaanza kuwa na vyumba na vyoo vya wanawake, na mahali palipoinuliwa pa kuweka mifugo; wanawake nao wakaongezwa miongoni mwa wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba. Choo cha wanawake na mahali pa ng'ombe. Matokeo ya utafiti mzuri wa jamii mara nyingi yana sura hiyo, hayapendezi kwenye jalada la jarida lolote.

Kwa hiyo kama shaka yako ni kwamba kazi haina maana, mimi shaka hiyo sina. Yangu iko kwenye dhana yenyewe mtakayokuwa mnaipima, ustahimilivu. Mwanaikolojia wa Kanada, C. S. Holling, aliandika mwaka 1973 kuhusu uwezo wa mfumo wa viumbe kupata pigo, ukabadilika, na bado ukaendelea kuwepo. Alikuwa akifikiria vitu kama misitu na wadudu wanaoishambulia. Kwa msitu ni wazo zuri sana. Kisha likahamishiwa kwa watu, likaingia kwenye maandiko ya miradi, na leo hupati fedha ya utafiti bila kulitaja. Lakini msitu haukai usiku kuamua mti upi ufe ili mwingine upone. Kaya hukaa ikaamua. Kaya inaweza kuvuka ukame ikiwa imesimama wima, namba zake zote ziko sawa, na ndani yake kuna binti aliyeachishwa shule, mzee aliyekatiza dawa za presha, na deni ambalo litalipwa kwa vibarua vya misimu miwili ijayo. Ukiipima kwa nje utasema imestahimili.

Hapo ndipo kazi hii inapoweza kugeuka kuwa kile unachokiogopa. Tunawasifu watu kwa kuvumilia jambo ambalo halikupaswa kuwafika, kisha sifa hiyo inakuwa sababu ya kuwapunguzia msaada. Nimekaa kwenye mikutano ambapo kadiri mstari wa ustahimilivu ulivyopanda kwenye skrini, ndivyo fungu la msaada lilivyoshuka kwenye ukurasa uliofuata, na hakuna aliyeona ajabu. Mtafiti anayestahili mshahara wake ni yule anayeandika gharama. Kaya imevuka, sawa; imelipa nini, na ndani ya nyumba amelipa nani?

Nikuonyeshe gharama hiyo inavyopotea. Utakutana na fahirisi moja fupi ya mbinu za kukabili upungufu wa chakula. Ina maswali matano, na kila moja linauliza ni siku ngapi kati ya siku 7 zilizopita. Kula chakula cha bei ya chini au msichokipenda, uzito wake 1. Kuazima chakula au kutegemea ndugu na jamaa, 2. Kupunguza kiasi kwenye sahani, 1. Watu wazima kujinyima ili watoto wale, 3. Kupunguza idadi ya milo, 1. Unazidisha, unajumlisha, na juu kabisa ni 56. Usiidharau kwa ufupi wake. Inafanya kazi vizuri, na kwa kuwa ni fupi watu hawachoki. Baada yake huja maswali ya siku 30: mmeuza vyombo vya ndani, mmekula akiba, mmewaachisha watoto shule, mmeuza mnyama jike wa mwisho? Kwenye maswali haya kuna hapana mbili. Ya kwanza ni hapana, hatukuhitaji kufanya hivyo. Ya pili ni hapana, kwa kuwa tulishafanya ndani ya miezi 12 iliyopita na hakuna tena cha kuuza.

Nilikuwa msimamizi wa timu kwenye kijiji cha wafugaji, nimekaa nyuma ya mdadisi kijana, nasikiliza. Mama aliyekuwa akihojiwa alikuwa na mtoto mapajani. Maswali matano ya mwanzo aliyajibu sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikaona mabega ya kijana yanalegea. Kaya rahisi, atawahi nyingine. Akafika kwenye mnyama jike wa mwisho. Mama akasema "hapana", na kabla hajavuta pumzi, kidole cha kijana kilishagusa hapana ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo juu kwenye skrini ya simu. Lakini mama alikuwa hajamaliza. Alikuwa ameinua mkono ule usio na mtoto, ameuelekeza nje. Nikamgusa kijana bega asubiri. Mama akaendelea: mbuzi majike wameuzwa wote msimu uliopita, zizi lile pale limebaki miti tu, na fedha yake ndiyo inayowalisha sasa hivi. Ikiisha, mume amesema atakwenda mjini kutafuta kibarua.

Nyumba ile kwenye simu ilikuwa na sifuri kati ya 56 na hapana safi. Ingeingia kwenye uchambuzi kama kaya imara, tena ingepandisha wastani wa kijiji. Kumbe ilikuwa imekula mtaji wake wote na imebakiza wiki chache. Kugusa mstari wa pili badala ya wa kwanza ni kazi ya sekunde moja. Kujua kwamba unapaswa kuugusa ni jambo jingine. Kunahitaji mdadisi asiyelipwa kwa idadi ya madodoso, aliyefundishwa kungoja, na anayeijua lugha ya mama yule kiasi cha kusikia kwamba maneno hayajaisha.

Ukiwa mezani na programu za takwimu kama Stata au R hutasikia chochote kati ya hayo. Utaona safu ya sifuri na moja, zimepangika vizuri. Ndiyo maana nakusihi, hata kama wamekuajiri kwa ajili ya uchambuzi, omba kwenda uwandani. Kaa kwenye mafunzo ya wadadisi, kaa kwenye majaribio ya dodoso, panda gari la mwisho pamoja nao. Na ukirudi mezani, kitu cha kwanza kuangalia ni mgawanyo wa hizo hapana mbili kwa kila mdadisi. Ukimkuta ambaye hapana zake zote ni za kwanza kwenye eneo lililokaukiwa, umeshajua pa kuanzia.

Kuna mengine ambayo chuo hupita juu juu. Ustahimilivu hauonekani kwa ziara moja. Ukienda mara moja unajua hali ya siku hiyo. Kujua kama kaya imeinuka baada ya pigo, inabidi urudi kwenye kaya ile ile. Na ukirudi, baadhi hutazikuta. Programu itakushauri urekebishe uzito wa zilizobaki na uendelee na hesabu. Usiwe na haraka. Waulize majirani kwanza. Waliohama ndio wanaoweza kukuambia unachokitafuta, na wako wa namna mbili zinazopingana kabisa: walioshindwa wakakimbia, na waliofanikiwa wakahamia kwenye maisha bora. Ukiwaweka wote kwenye kapu la "hawakupatikana", umetupa data uliyolipia kwa gharama kubwa. Halafu angalia miezi. Ukifanya tathmini ya awali kipindi cha njaa kabla ya mavuno, kisha tathmini ya mwisho mara tu baada ya mavuno, utapata mafanikio makubwa ya mradi ambayo yameletwa na kalenda. Nimeyaona yakipigiwa makofi.

Mtafiti wa maendeleo ya vijijini, Robert Chambers, aliorodhesha tangu mwaka 1983 jinsi wataalamu wa maendeleo wanavyojidanganya: wanakwenda kiangazi, wanapita kandokando ya barabara nzuri, wanatembelea mahali penye mradi, wanazungumza na wanaume na wenye vyeo. Imeshapita miaka zaidi ya 40, na bado nikipewa ramani ya sampuli naangalia kwanza zile kaya mbadala, zilizochukuliwa pale kaya ya awali iliposhindikana. Fuata barabara kwa kidole, utazikuta zimejipanga.

Swali lako la pili sasa, la miaka kumi ijayo. Tatizo litakuwepo. Fedha ndiyo isiyo na uhakika, na hapa sikufariji. Mtandao wa tahadhari za njaa, FEWS NET, ulianzishwa mwaka 1985 kwa fedha za serikali ya Marekani, na kwa miaka mingi ndio watu waliokuwa wakiufungua kwanza wakitaka kujua njaa inaelekea wapi. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mtandao ule ulizimwa pamoja na tovuti yake. Ulirejeshwa baada ya miezi kadhaa. Shirika la misaada lililoufadhili, USAID, lilifungwa rasmi Julai mwaka huo huo, na mikataba mingi ya utafiti duniani ikakatika kwa barua moja. Uingereza nayo ilipunguza misaada yake mwaka 2021, kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na miradi ya utafiti iliyokuwa katikati ya safari ikakatwa. Mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya mfadhili mmoja, siku kama hizo hana pa kushika.

Upande mwingine, mwaka 2022 kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka uliofuata huko Dubai mfuko huo ukaanza kupewa umbo. Fedha zilizoahidiwa ni ndogo sana ukilinganisha na hasara yenyewe. Lakini fikiria maswali yatakayofuata. Nani amepoteza nini? Shamba lililomezwa na bahari lina hesabu yake. Makaburi ya wazazi yaliyomezwa pamoja nalo yana hesabu gani? Mtu wa kujibu hayo kwa namna itakayosimama mbele ya mkaguzi na bado ikamheshimu aliyepoteza, hajapatikana wa kutosha. Benki na kampuni za bima nazo zimeanza kuhitaji watu wanaoelewa hatari ya tabianchi kwa wateja wao, kwa hiyo usidhani ukienda huku mlango wa wenzako umefungwa.

Wewe una jambo ambalo wengi wetu hatukuanza nalo. Wanaojua takwimu bila kujua kuhoji ni wengi, na wanaojua kuhoji huku wakiogopa jedwali ni wengi vilevile. Mfano mzuri wa pale mambo haya mawili yanapokutana ni bima ya mifugo iliyoanza Marsabit, kaskazini mwa Kenya, Januari 2010. Setilaiti inapima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango fulani, fidia inalipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Wachumi walipofuatilia kaya baada ya ukame wa mwaka 2011, waliona kwamba zenye bima na mifugo ya kutosha hazikukimbilia kuuza mifugo kwa hasara, na zile zenye mifugo michache hazikukata milo kama wasio na bima. Gharama zile zile nilizokuambia, safari hii zikapimwa na zikapungua. Lakini setilaiti huona ukijani, haioni kama ukijani wenyewe unalika, wala kama njia ya kwenda kisimani imefungwa kwa ugomvi. Mfugaji ambaye wanyama wake wamekufa na fidia haikuja hataki kusikia habari ya kiwango. Anataka mtu anayeweza kusoma picha ya setilaiti asubuhi na kumsikiliza yeye mchana. Anza kujifunza sasa: data za mvua za CHIRPS zinaanzia mwaka 1981 na zinapatikana bure, zichezee. Wakati huo huo tafuta mtu akufundishe kufanya mahojiano ya kina na kuyachambua, kwa daftari na subira, kabla hujaachia programu ikufanyie. Na andika kila wiki, hata kurasa mbili zisizotakiwa na mtu. Nimewaona wachambuzi hodari wakibaki kivulini kwa sababu hawawezi kuandika aya inayoeleweka.

Mambo ya mkataba nitayapitia haraka. Miaka mitatu kwenye kazi hizi ni mirefu, wengi huanza na miezi sita sita. Fedha za uwandani zitakufanya ujione tajiri kwa muda. Weka akiba, maana kati ya mradi mmoja na mwingine kuna kipindi kikavu. Uliza habari ya bima ya afya, usafiri na mahali mtakapolala, na usione haya kukataa gari bovu au safari ya usiku.

Lililobaki ni kula kwa mgongo wa wenye shida. Utakaa kwenye kigoda cha mtu, atakupa saa moja na nusu ya siku yake, kisha atakuuliza: "Na ninyi mtatuletea nini?" Wengine watakuambia wewe ni wa nne kuwauliza maswali hayo hayo. Jibu ni la kutolewa kabla ya swali la kwanza, kwa lugha yao: hatuleti msaada, jina lako halitaandikwa, unaweza kukataa au kuacha katikati na hakuna utakachonyimwa. Ni rahisi kulisema na ni vigumu kuliamini ukiwa na njaa. Ndiyo maana baadhi watakuzidishia shida na baadhi watakuficha. Wote wawili wana sababu nzuri. Kinachotenganisha utafiti na unyonyaji, kwa kipimo changu, ni mambo mawili yanayoonekana kwenye bajeti: kuna fedha ya kurudisha matokeo kwa waliohojiwa, na wadadisi wanalipwa kwa siku. Andiko la mradi lisilo na mistari hiyo miwili linakuambia kila kitu, hata kama utangulizi wake umejaa habari za kuwashirikisha wananchi.

Kwa hiyo ukikutana na mkuu wa mradi wiki ijayo, muulize hayo mawili. Muulize pia kama data zitakusanywa mara moja au watarudi, na katika miezi ipi. Muulize majina ya nani yatakuwa kwenye makala zitakazotoka, na kama wanaokusanya data wataandikwa kama waandishi au watashukuriwa kwenye mstari wa mwisho. Hilo la majina lipate kwa maandishi, kwa upole lakini kwa maandishi. Akikereka na maswali hayo, nenda benki.

Asipokereka, saini. Ila kwanza nitumie andiko la mradi na dodoso lenyewe, si muhtasari wake. Nina siku tulivu mwisho wa wiki, nitayasoma na kuweka alama kwa kalamu nyekundu kama zamani. Baba yako anakusalimu. Anasema yeye angekwenda benki.

Mama yako